Kutapika si Kosa: Haki ya Mtoto Anayeugua Shuleni



Katika shule nyingi za msingi hapa Tanzania, mtoto akitapika darasani mambo huenda kwa mazoea. Matapishi hufukiwa kwa mchanga, wenzake huziba pua na kucheka, naye huambiwa achukue madaftari yake arudi nyumbani. Kama nyumbani ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na kama mama yuko shambani, hilo halimshughulishi mtu. Ruhusa imekwisha kutolewa, na shule hujihesabu kuwa imetimiza wajibu wake. Sisi tunasema kwamba haijautimiza.

Kutapika si ugonjwa, bali ni dalili. Yaweza kuwa ni chakula kilichochacha, malaria, au maambukizo ya tumbo. Yaweza pia kuwa homa ya uti wa mgongo, kidole tumbo, sumu, au pigo la kichwa alilolipata mtoto akicheza na wenzake. Wako hata wanaotapika kwa hofu ya mtihani. Anayempeleka mtoto nyumbani bila kumtazama amekata shauri kwamba jambo ni dogo, kabla hajajua ni jambo gani.

Muuguzi wa shule aliyefunzwa vema hafanyi hivyo, wala haanzi na dawa. Kwanza huangalia kama mtoto ana fahamu na anapumua vizuri. Humketisha akiwa ameinama mbele, au akiwa amelegea humlaza kwa ubavu ili matapishi yasimpalie. Kisha huuliza kwa upole: Umeanza lini? Umetapika mara ngapi? Umekula nini, na nani mwingine amekula? Unaharisha? Kichwa kinauma? Umeanguka? Umekojoa leo? Hutazama matapishi kama yana damu au rangi ya kijani, na hupima joto la mwili. Mwishoni hutafuta dalili za upungufu wa maji: macho yaliyotumbukia, kinywa kikavu, kiu kali, na ngozi ya tumbo ambayo ikifinywa na kuachiwa hurudi polepole.

Baada ya hapo huja kinywaji. Pakiti ya ORS huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtoto hupewa kidogo kidogo. Akitapika tena, husubiriwa dakika kumi, kisha huendelea kunyweshwa taratibu zaidi. Hapewi dawa ya malaria kabla ya kupimwa, wala dawa ya kuzuia kutapika bila agizo la tabibu. Na aliyekunywa mafuta ya taa au sumu halazimishwi kutapika, bali hukimbizwa hospitali.

Pengine mtu atasema kwamba shule zetu nyingi hazina muuguzi, na ni kweli. Lakini tukumbuke yaliyotokea mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India. Kipindupindu kiliwaua wengi, na maji ya kutundikiwa mishipani yalikuwa yakiisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kutumia maji yenye sukari na chumvi, na ndugu za wagonjwa ndio waliowanywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu thelathini hadi chini ya wanne katika kila wagonjwa mia. Ikiwa ndugu wasio na mafunzo ya uuguzi waliweza kazi hiyo katikati ya vita, mwalimu wa afya aliyeelekezwa vizuri hawezi kushindwa.

Aidha, mwalimu huyo hana budi kuzijua dalili zisizongoja. Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila anachopewa, mwenye degedege, aliyelegea au kupoteza fahamu, mwenye shingo ngumu, mwenye maumivu makali ya tumbo, anayetapika damu au kijani, au anayetapika baada ya kuumia kichwa, huyo apelekwe kituo cha afya mara moja, akisindikizwa na mtu mzima.

Tena, wakitapika watoto kadhaa kwa pamoja, hilo ni onyo kwa shule nzima. Mwezi Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni kilichokuwa na sumu ya kuulia wadudu. Kwa hiyo ugawaji wa chakula usimamishwe papo hapo, mabaki yahifadhiwe kwa uchunguzi, na viongozi wa afya waarifiwe bila kuona haya.

Liko jambo jingine linalotudai ujasiri. Msichana mkubwa akitapika, mara nyingi watu humshuku mimba kabla ya kumuuliza anaumwa wapi. Hunong'onwa, hutishwa, na malaria yake hungoja. Na hata ikiwa kweli ni mjamzito, bado anastahili matibabu, siri na heshima. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya mimba warudi katika shule za kawaida. Basi mlango uliofunguliwa na serikali usifungwe na ndimi zetu. Mtoto anayeogopa kuaibishwa huficha anavyougua, na wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Haya tunayodai si hisani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia kila mtoto haki ya afya na matibabu. Haki hiyo haisimami getini mwa shule ikimngoja mtoto atoke.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wazazi na viongozi wa walei, hasa mlio wajumbe wa kamati za shule. Katika kikao kijacho ulizeni mambo matano. Je, yuko mwalimu wa afya aliyefunzwa? Je, lipo sanduku la huduma ya kwanza lenye pakiti za ORS, glavu na kipimajoto? Je, yapo maji safi na sabuni? Je, ipo orodha ya namba za simu za wazazi wote? Je, ipo kanuni kwamba mtoto mgonjwa haondoki shuleni peke yake? Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha za wafadhili. Sisi wazazi nasi tuwabakize nyumbani watoto wetu hadi zipite siku mbili tangu walipotapika mara ya mwisho, ili wasiwaambukize wenzao.

Mkono mmoja haulei mwana. Aliyetapika darasani ni mtoto wetu sote mpaka atakapokabidhiwa mikononi mwa mzazi au tabibu.