Miadi Imbane na Mwenye Geti

Bandari nyingi kubwa za makontena duniani hazimpokei tena dereva anayejitokeza tu getini. Kampuni ya usafirishaji huingia kwenye mfumo, huchagua saa, hutaja kontena na namba ya lori, ndipo zamu inapopatikana. Toleo hili linauchunguza utaratibu huo, na msimamo wetu tunauweka wazi mapema: miadi inayomfunga mwenye lori peke yake haiondoi foleni, inaihamisha tu.

Faida ya miadi haina ubishi. Chukua geti linalohudumia malori 60 kwa saa. Yakija 90 kila saa kwa saa tatu mfululizo, mwishoni malori 90 yatakuwa yamekwama nje, na la mwisho litasubiri saa moja na nusu. Malori hayohayo 270 yakigawanywa sawasawa katika saa nne na nusu, foleni hiyo haipo, wala hakuna kreni mpya iliyonunuliwa. Yadini faida ni kubwa zaidi. Makontena hupangwa juu kwa juu, hata matano. Linalotakiwa likiwa chini kabisa, manne ya juu sharti yaondolewe kwanza. Mwenye yadi akijua tangu usiku ni kontena gani litafuatwa saa nne asubuhi, atalitoa mapema. Asipojua, kazi hiyo itafanyika dereva akiwa amesimama hapo anangoja.

Lakini manufaa haya hayaji kwa kununua programu. Mwaka 2002 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuvitoza vituo vya makontena faini ya dola 250 kwa kila lori lililosubiri getini, injini ikiwaka, zaidi ya dakika 30. Kituo kilichoweka miadi au kurefusha saa za kazi kiliepuka faini. Watafiti Genevieve Giuliano na Thomas O'Brien walichunguza bandari za Los Angeles na Long Beach, na katika utafiti wao wa 2007 hawakupata ushahidi kwamba miadi ilipunguza foleni. Vituo vingi havikuiona kama nyenzo ya kuboresha kazi. Vilitimiza sheria, vikaendelea kama kawaida.

Sydney walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2011 serikali ya New South Wales iliweka kanuni katika bandari ya Port Botany zinazokata pande zote mbili: lori likichelewa au lisipofika, msafirishaji analipa, kituo kikilichelewesha lori kupita muda uliowekwa, kituo kinamlipa msafirishaji. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kusubiri ni gharama, na kwa kawaida hubebwa na asiye na uwezo wa kuiondoa: dereva anayelipwa kwa safari, au mwenye malori mawili anayedaiwa na benki. Gharama hiyo ikimfikia mwenye kreni, kreni hupangwa vingine.

Mombasa na Dar es Salaam zina mzigo ambao Sydney haina. Lori litokalo Lubumbashi kwenda Dar es Salaam huvuka mipaka miwili, Kasumbalesa na Tunduma, kisha hupita mizani kadhaa kabla ya kuiona bahari. Kumwambia dereva huyo afike saa nane kamili au alipe faini ni dhuluma. Anahitaji muda mpana zaidi wa kufika, haki ya kubadili zamu kwa simu, na yadi ya kungojea yenye choo na maji safi, badala ya kuegesha kando ya barabara ya mjini. Na kibali cha forodha kikichelewa, zamu ihamishwe bila ada, kwa kuwa si yeye aliyekichelewesha.

Liko pia suala la kipimo, ambalo tunaomba mamlaka za bandari zilitazame kabla ya kutia saini mkataba wowote wa mfumo. Vituo hupenda kutangaza muda ambao lori hutumia tangu kuingia getini hadi kutoka. Takwimu hiyo inaweza kupendeza hata kama nje kuna foleni ya kilomita mbili. Saa ianze kuhesabiwa lori linapojiunga na foleni, na matokeo ya kila kituo yachapishwe kila mwezi, mahali ambapo wasafirishaji na madereva wanaweza kuyasoma.