Namba Zisizo na Maelezo

Wako walimu wanaoona kuwa vichwa vya safu katika jedwali ni mapambo tu, yafaayo kuandikwa iwapo muda wa kipindi umebaki. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo.

Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani vilivyoitwa Viking vilitua juu ya sayari ya Mirihi, na moja ya kazi zake ilikuwa kuupima udongo ili kuona kama umo uhai. Vipimo vilihifadhiwa katika kanda za sumaku. Mwaka 1999 mtafiti Joseph Miller aliomba kuvichunguza upya. Kanda zilikuwapo, wa kuzisoma hakuwapo. Alieleza kwamba waliojua mpangilio wa namba zile walikuwa wamekwisha fariki. Ikambidi ategemee karatasi zilizopigwa chapa na kutunzwa na watafiti wa awali, nazo zilikuwa na sehemu tu ya vipimo.

Mwanachuo atauliza: namba ni namba, kwa nini zisisomeke? Kompyuta huhifadhi habari kwa baiti, na kila baiti ni namba kati ya 0 na 255. Kipimo kikubwa zaidi huhitaji baiti mbili. Tuseme tumekuta 0 na 245. Tukisoma kwa kuanzia kushoto, tunapata 245, na huenda maana yake ni nyuzi 24.5. Tukianzia kulia, tunapata 245 mara 256, yaani 62,720. Faili lenyewe halisemi lipi ni sahihi. Hili ni somo lile lile la thamani ya nafasi tunalowafundisha watoto wadogo.

Anayetaka kulifumbua faili la namna hiyo hutafuta kwanza jambo moja linalojulikana. Kama chombo ni cha kupimia joto, hukitia katika barafu inayoyeyuka, kisha katika maji yanayochemka, akaangalia ni baiti zipi zilizobadilika.

Darasani hatuhitaji kompyuta. Kundi moja lipime kila saa joto la maji yaliyowekwa juani, kisha liandike 224325427 bila kuacha nafasi. Kundi la pili lisome. Wakizikata tarakimu mbilimbili, moja itabaki. Wakizikata tatutatu watapata 224, 325, 427, na huenda mmoja akang'amua kuwa 2, 3 na 4 ni saa. Wakikwama, waambiwe tu kwamba maji yalianza na nyuzi 24. Mwalimu asiwe na haraka ya kutoa jibu.

Katika mazoezi ya kufundisha tulipata kuonyeshwa daftari la hali ya hewa la shule moja, safi, lenye mwandiko mzuri. Safu ya tatu ilikuwa na 18, 21, 0, 7. Kwa kuwa joto la pale halishuki hadi 0, tulikisia kuwa ni milimita za mvua. Juu ya ukurasa paliandikwa "saa 8": ya mchana, au ya asubuhi kwa saa ya Kizungu? Mwalimu aliyelianzisha daftari lile alikuwa amekwisha hamishwa, na watoto waliendelea kulijaza kila siku.