Umeniuzia gari au umeniazima?

Hebu fikiria. Umedunduliza miaka mitano, umekopa Saccos, mwisho umekwenda yadi na kutoka na gari lako. Kadi ina jina lako. Miezi mitatu baadaye mama anaugua, pesa inahitajika, unampigia dalali. Kabla dalali hajafika simu inaita. Ni yule aliyekuuzia: "Samahani ndugu yangu, hilo gari huruhusiwi kuliuza mpaka mwaka uishe."

Najua utacheka kwanza, halafu utamtukana. Lakini wenzetu Marekani wameshasaini mikataba ya aina hiyo, tena watu wenye pesa zao.

Mwaka 2017 John Cena, yule mcheza mieleka, alinunua Ford GT mpya kwa zaidi ya dola 450,000. Alisaini kwamba hataliuza kwa miezi 24. Wiki chache tu baadaye akaliuza. Ford wakamburuza mahakamani, na mwaka 2018 kesi ikaisha kwa maelewano: Cena akaomba radhi na fedha zikapelekwa kwenye hisani. Mwaka huohuo Ford GT jingine lilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 1.6. Ford walikwenda mahakamani kuuzuia mnada, wakashindwa. Gari hilo lilikuwa limeshatoka kwa mnunuzi wa kwanza.

Novemba 2023 ikawa zamu ya Tesla. Mkataba wa Cybertruck ulikuwa na kipengele kwamba ukiuza ndani ya mwaka wa kwanza bila ruhusa, kampuni ingeweza kukudai dola 50,000 au bei yote uliyouzia, ipi iliyo kubwa. Na wangeweza kukataa kukuuzia gari jingine maishani.

Tuwe wakweli, hoja ya kampuni si ya kijinga. Ford walitangaza magari 500 ya kwanza, waombaji wakazidi 6,000. Wakachagua watu waliosema watayaendesha, sio kuyaficha gerejini yakisubiri bei ipande. Mtu anayedanganya ili apewe nafasi, kisha anauza kwa faida maradufu, amemnyima nafasi mwenzake aliyesema kweli. Na ahadi ni ahadi. Cena alikosea, sina shaka. Aliisoma karatasi akaisaini.

Swali langu ni jingine: je, karatasi ile ilipaswa kuwepo?

Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1983, serikali ilipowasaka walanguzi nchi nzima. Watu walikamatwa, bidhaa zikafichwa, nyingine zikatupwa usiku. Lakini sukari na sabuni havikujaa madukani kwa sababu ya msako. Vilirudi baadaye, milango ya biashara ilipofunguliwa. Mlanguzi ni mtoto wa uhaba. Kampuni inayotengeneza magari machache makusudi, kwa bei iliyo chini ya ile watu wako tayari kulipa, imemzaa mlanguzi yenyewe. Halafu inamshitaki.

Tena kiangalie vizuri kile kipengele cha Tesla. Ukiwa na sababu ya msingi ya kuuza, kampuni ingeweza kulinunua yenyewe, kwa bei uliyonunulia ukitoa maili ulizotembea na uchakavu. Ukikaidi, pesa yote uliyouzia wangeweza kuidai. Kwa hiyo faida ya ulanguzi haikufutwa, ilibadilishiwa mfuko tu! Kama lengo ni kuwalinda wateja, ingetosha kusema: ukitaka kuuza, tupe sisi nafasi ya kwanza kwa bei hiyohiyo aliyokupa mwenzetu. Hapo nisingelalamika.

Utaniuliza, Ford GT na Cybertruck zinamhusu nini Mbongo wa daladala? Zinamhusu sana. Simama Ubungo hesabu magari yanayopita. Vitz, IST, Noah, Hiace. Mengi yalianza maisha Japani, yakaendeshwa na mtu tusiyemjua, ambaye siku moja aliamua kuliuza bila kuomba ruhusa ya kiwanda. Usafiri wetu wote umekaa juu ya uhuru wa huyo Mjapani.

Na huko nako kipengele kimeshabisha hodi. Mwaka 2021 Land Cruiser 300 ilipotoka, wanunuzi wa Japani walitakiwa kusaini ahadi ya kutoliuza ndani ya mwaka mmoja. Toyota walitaja hofu ya magari kusafirishwa nje na kufika mahali yanapohatarisha usalama. Hofu hiyo si ya kubeza, tumeshaona picha za wenye bunduki wamepakia kwenye Land Cruiser jangwani. Lakini kuzuia hilo ni kazi ya sheria na forodha. Na leo ni shangingi kwa mwaka mmoja. Nani ameahidi kwamba kesho haitakuwa IST kwa miaka mitano?

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliamua kesi ya katriji za wino wa printa. Ikasema mwenye hataza akishauza kitu, haki zake za hataza juu ya kitu hicho zimekwisha. Mfano iliotoa ni wa duka linalotengeneza na kuuza magari yaliyotumika: haliwezi kufanya kazi kama kila mwenye kiwanda cha spea anaweza kulifuata. Uamuzi huo haukufuta mikataba ya kina Cena, lakini busara yake inatosha.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba kesho karatasi haitahitajika. Mwaka 2020 iliandikwa habari ya mtu aliyenunua Tesla iliyotumika, kisha kampuni ikazifuta kwa mbali huduma za kujiendesha zilizokuwemo. Kelele zilipopigwa akarudishiwa. Gari liko uani kwako, ufunguo uko kwao.

Msimamo wangu ni huu: ukishapokea pesa yangu yote na kunikabidhi kadi, liache liende. Ukitaka kuendelea kuwa na sauti, nikodishie, na bei iwe ya kukodi. Huwezi kula bei ya kuuza ukabaki na haki za mwenye mali.

Au mwenzangu unaonaje?