Mizunguko saba ya Nzambani, na chumba nilichokataa kukitengeneza

Najua nimepotea. Wiki tatu bila neno, na wawili watatu kati yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa natengeneza nyumba ya kutisha watu.

Ndiyo, umesoma vizuri. Kampuni moja ya kuandaa tafrija jijini Nairobi (jina nalihifadhi, utaona sababu) iliamua kutuletea ile burudani ya Oktoba ambayo Wamarekani wameizoea. Unalipa kiingilio, unaingizwa kwenye nyumba yenye giza, unatoka chumba hiki kwenda kile, na kila chumba kina mtu au mtambo uliowekwa kukutoa roho. Si jambo jipya. Waingereza walikuwa na nyumba ya namna hiyo ikiendeshwa kwa mvuke mwaka 1915, na Disneyland wakafungua ya kwao 1969, ila hiyo ya Disneyland mgeni hukaa kitini akapitishwa. Mtindo wa siku hizi ni mgeni kutembea mwenyewe. Anaitwa kwa jina, anapuliziwa shingoni, anatenganishwa na wenzake. Kabla ya kuingia anatia sahihi kwamba akizimia ni shauri yake.

Mimi nilipewa ubongo wa nyumba: vihisi vya mwendo, spika, taa, vibao vidogo vya ESP32 katika kila chumba, na programu ya kuamua kipi kilie, wapi na lini. Kwa mtu ambaye mwaka mzima ameandika mifumo ya ankara, hiyo ilikuwa raha tupu. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba hofu inakaa kwenye kuchelewa. Mtu akikanyaga mlangoni na kilio kikatoka papo hapo, anaruka kisha anacheka. Nikaongeza sekunde tatu za kimya baada ya kihisi kumwona. Wenzangu waliojitolea kujaribiwa wakaacha kucheka. Ukitazama msimbo wenyewe, katika zile sekunde tatu hakuna mtambo unaofanya lolote. Anayefanya kazi ni mgeni.

Chumba cha nne kwenye mchoro kiliitwa "Mchawi wa Kitui". Bibi kikongwe mwenye macho mekundu, ameketi kando ya chungu, anakuita kwa jina lako (tunalichukua kwenye tikiti) kwa lafudhi ya Kikamba. Nilipousoma mchoro nilicheka. Mimi ni wa Kitui, na mizaha hii nimeishi nayo tangu chuo. Chaja ikipotea ofisini, mtu husema mwizi airudishe haraka kabla hajaamka amezingirwa na nyuki, maana mwenye chaja anatoka Ukambani. Mimi hucheka na wengine. Kusema kweli wakati mwingine mzaha huo hunisaidia, chaja yangu haijapotea hata mara moja.

Basi wikendi ya Mashujaa nikapanda matatu kwenda nyumbani. Oktoba kwetu ni vumbi na joto, mashamba yanangoja mvua ya vuli, na watu wanatazama mawingu kuliko wanavyotazama rununu. Binamu yangu, ambaye yuko kidato cha nne na haogopi chochote isipokuwa hesabu, alitaka nimpeleke Nzambani.

Kwa wasioujua, ni mwamba mkubwa uliosimama peke yake, kilomita nane hivi kutoka mjini Kitui. Kuna ngazi ya chuma ya kupandia. Unalipa kiingilio, unapanda, unapiga picha, unaitazama nchi mpaka macho yachoke. Susu, yaani nyanya yangu, husimulia kwamba msichana aliokota kajiwe, kakamganda, kakazidi kukua mpaka msichana na jiwe wakawa kitu kimoja. Lakini watu wengi hawaji kwa ajili ya msichana. Wanaletwa na kanuni: ukiuzunguka mwamba mara saba, mwanamume utageuka mwanamke na mwanamke atageuka mwanamume.

Kwa mazoea ya kazi nilianza kuuliza maswali. Mizunguko inahesabiwa kuanzia wapi? Kwa kulia au kwa kushoto? Mwenye bodaboda alisema kushoto. Mzee tuliyemkuta chini ya mti alisema upande wowote. Je, mtu akizunguka mitatu leo na minne Krismasi? Mzee alinitazama vile wateja wanavyonitazama. Na akizunguka saba nyingine, anarudi alivyokuwa? (Binamu alisema hilo ndilo swali la maana kuliko yote.) Kwa lugha ya fani yetu, hati ya mahitaji ina mashimo kila mahali, na bado mfumo umefanya kazi miaka nenda miaka rudi bila spika hata moja.

Tukaanza. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa picha na kelele. Wa pili ulikuwa wa jasho, maana kuna vichaka na miiba na hakuna aliyekutengenezea barabara. Wa tatu binamu alikuwa amenyamaza. Katikati ya wa nne nikajigundua nahesabu kwa sauti ya chini kwa Kikamba, jambo nisilokumbuka kulifanya tangu shule ya msingi. Nina digrii ya sayansi ya tarakilishi. Najua jiwe ni jiwe. Hata hivyo, kila hatua niliyopiga nilikuwa nahesabu ngapi zimebaki mpaka muonza, yaani saba. Mwisho wa wa nne binamu akasema ana kiu. Nikashukuru sana kiu ile. Hakuna aliyesema anaogopa.

Hapo nikaona zile sekunde zangu tatu zimenyooshwa zikawa matembezi ya saa nzima. Mwamba haufanyi lolote. Unakupa kanuni na kihesabu, kisha unakuacha ujitishe kwa miguu yako mwenyewe. Wala hauko peke yake katika maeneo yetu. Kule Kyamwilu, Machakos, watu humwaga maji barabarani na kuyaona yakipanda mlima, macho yakidanganywa na umbo la ardhi. Ndani ya Tsavo West, upande unaopakana na Makueni, kuna uwanda wa zaha nyeusi unaoitwa Shetani, kwa kuwa waliouona moto ukitoka ardhini walidhani ni yeye anatoka. Ukitaka kutishwa, Ukambani na jirani zake hatujapungukiwa.

Jioni nilimweleza Susu kazi niliyopata. Alikuwa jikoni. Yeye hupikia mafiga matatu mpaka leo, jiko la gesi tulilomnunulia analifunika kitambaa kama televisheni. Nikamweleza vyumba kimoja kimoja naye akawa anacheka, hasa cha pili chenye jeneza linalobisha hodi. Nilipofika cha nne akaacha kuchochea. Akauliza, "Na huyo mama ni wa kwa nani?"

Nikasema si wa kwa mtu, Susu, ni mwigizaji. Akasema kama anaitwa wa Kitui basi ni wa kwa mtu. Kisha akanikumbusha jirani ambaye nikiwa mdogo tulikatazwa kupokea ndizi zake. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Watoto wawili walikufa kijijini mwaka mmoja, pakawa na minong'ono, na mama yule akahamia kwa bintiye huko Makueni usiku. Hakurudi hata kuzikwa. Moshi ulimwingia Susu akapangusa macho, na macho yake yalikuwa mekundu, kama yanavyokuwa kila jioni ya maisha yake.

Mchoro wa chumba cha nne ulikuwa kwenye begi langu, na umeandikwa: macho mekundu.

Sasa naomba nieleweke. Sisemi hofu ni mbaya, nimekuwa nikiiuza wiki tatu. Wala sisemi Wakamba tunaonewa kwa mzaha. Ninachosema ni kwamba mchawi si jini wala zimwi. Jini likitiwa kwenye chumba cha giza, hakuna mtu nje ya nyumba anayefanana nalo. Mchawi kwetu ni jirani, na kwa kawaida ni jirani mzee, mjane, mwenye kipande cha shamba.

Lugha yetu yenyewe ina uangalifu ambao mchoro wa Nairobi haukuwa nao. Uoi ni uchawi wa kudhuru. Uwe ni kazi ya kuponya. Mwenye chungu na mitishamba anaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili, na makosa ya kutofautisha yamemwaga damu. Serikali ya kikoloni ilikuwa tayari imetunga Sheria ya Uchawi mwaka 1925, na bado mwaka 1932 wanaume 60 wa Kikamba walihukumiwa kifo kwa kumpiga hadi kufa mwanamke mmoja waliyeamini ni mchawi. Hukumu hazikutekelezwa, zilipunguzwa. Mwanamke alikuwa ameshakufa.

Utasema hayo ni ya zamani. Mei 2008 watu 11 walichomwa moto huko Kisii kwa tuhuma hizo hizo. Oktoba 2021, mwezi wenyewe wa Halloween, akina mama wanne wakongwe waliuawa Marani, huko huko Kisii. Kilifi kuna wazee wanaopaka mvi zao rangi nyeusi, kwa kuwa kichwa cheupe na shamba linalotamaniwa ni mchanganyiko wa hatari. Na Usukumani, nchini Tanzania, akina mama wazee wameuawa na ushahidi ukawa macho mekundu, yaani moshi wa jikoni.

Wamarekani wanaweza kumchezea mchawi. Kule Salem walinyonga watu 19 mwaka 1692, na leo mji huo hujaa watalii kila Oktoba. Imewachukua miaka zaidi ya mia tatu kugeuza msiba kuwa kofia yenye ncha. Sisi hatujafika huko, na hatuwezi kuruka kwa sababu kampuni fulani imeona picha kwenye intaneti.

Kuna kisa kimoja nilikikumbuka nikirudi Nairobi. Mhandisi Mwingereza, Vic Tandy, alikuwa akifanya kazi usiku kwenye maabara ambayo watu walisema ina mzimu. Akaingiwa na baridi na hofu, akaona kitu cha kijivu pembeni mwa jicho. Kesho yake aliona upanga wake wa michezo ukitetemeka peke yake kwenye jiliwa. Akafuata mtetemo huo mpaka kwenye feni mpya iliyokuwa ikitoa sauti ya chini mno, karibu mizunguko 19 kwa sekunde, ambayo sikio halisikii. Aliandika makala juu yake mwaka 1998. Wataalamu wengine wana shaka kama sauti hiyo inaweza kuleta yote hayo, na mimi sina la kuwaambia. Kinachonigusa ni kwamba aliogopa kama mimi na wewe, kisha akatafuta feni. Hakuuliza nani kati ya majirani hampendi. Sisi tunaotafuta wadudu kwenye programu tunajua kishawishi hicho: mfumo ukianguka saa nane usiku, ni rahisi kumtafuta mtu kuliko kuitafuta sababu.

Jumatatu nikawaandikia wateja. Sikuwahubiria, niliwapa chumba kingine. Giza, jiwe moja katikati, kanuni moja ukutani. Ukizunguka mara sita mlango unafunguka na unaweza kutoka. Wa saba ni hiari yako, na hatukuambii kitakachotokea. Vihisi vinahesabu, taa inafifia kidogo kila mzunguko, spika haisemi neno. Niliandika msimbo wote usiku mmoja, na kosa pekee nililofanya ni kuanzia hesabu kwenye sifuri, kwa hiyo mgeni wa kwanza (mimi mwenyewe) alizunguka mara saba bila kujua. Niko salama, asanteni.

Walisema haitishi. Walisema tangazo linahitaji uso, na bibi ana uso. Nikawaambia hicho ndicho kinachonisumbua. Tukaachana kwa adabu: vyumba vingine vyote vinaendeshwa na msimbo wangu, cha nne walimpa mtu mwingine, na malipo yangu yakakatwa nusu, ambayo hata hiyo nusu bado naisubiri. Sikwenda usiku wa ufunguzi. Rafiki aliyekwenda alisema foleni ilifika barabarani, na kwamba kwenye chumba cha nne vijana walikuwa wakipiga kelele "mchome, mchome!" huku wakicheka. Mwigizaji alikuwa binti wa miaka ishirini na tatu aliyepakwa unga nyweleni.

Msimbo wa chumba cha jiwe bado uko kwenye tarakilishi yangu. Kama kuna msomaji Kitui mjini mwenye ghala tupu na umeme usiokatika sana, tuongee. Jiwe nitaleta mwenyewe.