Ruto Anataka Kanisa Ikulu, Lakini Vita Yako ya Dini Iko Kwa Rosta ya Kazi

Wasee, mnakumbuka vile mitandao iliwaka Julai 2025? Rais Ruto alisema hataomba mtu yeyote msamaha kwa kujenga kanisa ndani ya Ikulu ya Nairobi. Akaongeza kwamba hakuanzisha kitu mpya, juu akiingia hapo alipata kanisa la mabati, na hii ingine anajenga na pesa yake. Kufika Agosti, Mahakama Kuu ikasimamisha huo ujenzi kwa muda. Mashirika ya kiraia yalikuwa yameenda kortini yakishika Kifungu cha 8 cha Katiba, kile kinasema Kenya haina dini ya serikali.

Kelele nyingi ilikuwa ya doo. Nani analipa, na kama ni yake, alitoa wapi? Hiyo ni sawa kuuliza. Lakini kuna kitu ilipita wengi: Ikulu ni ofisi. Kuna wapishi hapo, madereva, askari, makarani, watu wa kukata nyasi. Na kama ofisi yoyote kubwa Kenya, lazima kuna wale hawaendi kanisa. Sasa mkubwa wa mboka akiweka nyumba ya ibada ya dini yake katikati ya kiwanja cha kazi, yule wa chini anasoma nini? Hata kama hakuna mtu amemwambia aingie, anajua nani ataonekana na nani hataonekana.

Toka Ikulu sasa, uje hapa kwako. Kwa hiyo supamaketi, hiyo ghala ya Industrial Area, hiyo ofisi yenye mnaanza Jumatatu na maombi. Story ni ile ile, ni vile tu hakuna kamera.

Wengi hawaombanga ruhusa

Kulingana na sensa ya 2019, zaidi ya Wakenya 8 kati ya kila 10 ni Wakristo. Waislamu ni asilimia 10.9. Wale walisema hawana dini ni asilimia 1.6. Halafu kuna Wahindu, kuna Rasta, kuna wa dini za kiasili. Hata ndani ya Wakristo usifikirie ni kitu moja. Kuna SDA wa Jumamosi, kuna Akorino na kilemba chake, kuna Mkatoliki anashangaa mbona maombi ya ofisi ni lazima yapigiwe kelele.

Ukiwa upande wa wengi, dini yako inakuwa kama stima. Huioni mpaka ipotee. Jumapili ofisi nyingi zimefungwa. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ziko kwa kalenda. Mkutano unafunguliwa "kwa jina la Yesu" na hakuna mtu anaona ni dini, wanaona ni heshima. Hakuna Mkristo amewahi kuandikia HR barua akiomba Krismasi.

Sasa angalia yule Muislamu mmoja kwa timu ya watu kumi na tano. Idd-ul-Fitr ni holide ya kila mtu, hapo sawa. Lakini Ijumaa saa saba anataka kwenda msikiti. Swala ya Ijumaa hata haimalizi saa nzima, na lanchi ni saa moja. Bado lazima aende kwa supavaiza, aelezee, acheke kidogo ndio isikae vibaya, na wiki ijayo arudie. Hiyo ni kazi ya ziada yenye wenzake hawafanyi. Na siku supavaiza ameamka vibaya, jibu linabadilika.

Hapo ndio shida yetu iko. Wakenya tunapenda kusema sisi ni watu wa kuvumiliana. Na enyewe tunavumiliana. Lakini kuvumiliwa ni kuishi kwa huruma ya mtu. Bosi mzuri akihama, ule uhuru wako unahama na yeye. Msee hataki kuvumiliwa, anataka kupangiwa. Kama jina lako liko kwa rosta na imeandikwa Ijumaa saa saba hadi saa nane hauko, hauna haja ya kuomba mtu, na hauna deni na mtu.

Na kabla mtu aseme hii ni kupiga Wakristo, geuza hiyo meza. Dem Mkristo anauza nguo Eastleigh mwezi wa Ramadhani anajua venye lanchi inakuwa kitu ya kujificha. Na kama uko na siz ama kazini ako Riyadh kwa kazi ya nyumba, muulize Jumapili yake inakaanga aje. Saudia hairuhusu kanisa la wazi, kwa hivyo Wakenya Wakristo huko wanaombea kwa chumba, polepole, kama kuna chumba. Ukiskia hiyo unaona ni uonevu. Basi pima na kibaba hicho hicho huyu mwenye ako dawati la pili kutoka kwako.

Sheria iko, na sio ndogo

Wengi wetu tunajua tu kuna uhuru wa kuabudu, basi. Soma Kifungu cha 32 cha Katiba polepole. Kinasema unaweza kuonyesha dini yako, pamoja na kuadhimisha siku ya ibada. Kinasema hakuna mtu atanyimwa kazi ama nafasi kwa taasisi yoyote juu ya imani yake. Na kinasema hakuna mtu atalazimishwa kufanya kitu inaenda kinyume na imani yake. Hiyo ya mwisho inaguza yale maombi ya asubuhi. Ukiombea ofisini na wenzako wamependa, fiti kabisa. Lakini supavaiza akianza kuweka alama ni nani hakuja, hapo amevuka mstari.

Halafu kuna Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 5 kinakataza mwajiri kukubagua juu ya dini, kuanzia kuandikwa, kupandishwa cheo, hadi kufutwa. Na ikifika kortini, mwajiri ndiye anabeba mzigo wa kuonyesha kwamba hakubagua. Kifungu cha 27 kinasema lazima upate angalau siku moja ya kupumzika kwa kila siku saba. Cheki hapo vizuri: hakijasema hiyo siku ni Jumapili.

Korti nazo zimeongea, ingawa kesi kubwa zimekuwa za shule. 2017, Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na kanisa la SDA kwamba wanafunzi wao wapewe nafasi ya kushika Sabato, kutoka jua kuzama Ijumaa hadi jua kuzama Jumamosi. Wazo lenyewe ni rahisi: kama taasisi inaweza kujikunja kidogo bila kuvunjika, basi ijikunje. Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita akasema Urasta ni dini kama zingine, kwa kesi ya msichana alifukuzwa shule ya Olympic pale Kibra juu ya rasta zake.

Lakini usidhani korti inakupea kila kitu. Kesi ya hijabu ya shule moja Isiolo, yenye inadhaminiwa na Kanisa la Methodist, ilizunguka miaka. Mahakama Kuu ilikataa hijabu 2015, Mahakama ya Rufaa ikakubali 2016, halafu Januari 2019 Mahakama ya Juu ikafuta ushindi huo juu ya vile ombi lenyewe liliwasilishwa. Swali la hijabu halikujibiwa. Wale wasichana walikuwa wanangoja jibu, na shule haingoji mtu, unamaliza Form Four unaenda.

Na ona kitu. Mwanafunzi ako na mzazi wa kumpigania. Wewe na mkataba wa miezi mitatu uko na nani? Unajua ukiuliza sana, hautafutwa. Mkataba utaisha tu, na hautaitwa tena. Hakuna barua, hakuna sababu, hakuna kesi. Ndio maana naona haki ya dini ya kijana wa Nairobi haikai sana kortini. Inakaa kwa ile karatasi imebandikwa ukutani kila Jumatatu ikisema nani anaingia saa ngapi.

Saa kumi na mbili na nusu

Mabosi wakiskia hii wanashika kichwa. Wanasema tukianza kupangia kila dini, kazi itafanywa na nani? Haya, tufanye hesabu ya mtaa.

Nairobi iko karibu na ikweta. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika hamsini, mwaka mzima. Hatuko Ulaya ambapo jua linazama saa kumi jioni msimu mmoja na saa nne usiku msimu mwingine. Maanake saa ya kufungua saumu Ramadhani inajulikana. Saa ya Sabato kuanza Ijumaa inajulikana. Na zote mbili zinaangukia pale pale ambapo makampuni mengi yanabadilisha shifti ya mchana na ya usiku.

Kwa hivyo ukihamisha mabadiliko ya shifti nusu saa tu, umetatua shida ya Muislamu wa Ramadhani. Ukibadilishana soja wa SDA na mwenzake Mkatoliki, mmoja anachukua Jumapili na mwingine Jumamosi, kila mtu amepata ofu ya siku anaitaka, na geti haijabaki bila mtu. Haijakula hata shilingi. Ilikuwa inataka tu mtu aulize mapema, na aulize wote, sio yule mmoja mwenye anavaa kitu inaonekana.

Hiyo ya kuuliza wote ni muhimu. Ukiuliza Muislamu peke yake, umemfanya mgeni. Fomu moja ya kila mtu, swali moja: kuna siku ama saa huwezi fanya kazi juu ya imani? Mwenye hana anaacha wazi. Hakuna mtu anashtuka, na yule hana dini pia anapata haki ya kusema hatakuja maombi bila kuulizwa kama anaabudu shetani.

Na wewe pia jipange

Haki yako haikufanyi mfalme. Ukijua Ramadhani inakuja, na unajua inasonga mbele kama siku 11 kila mwaka, usingoje siku ya kwanza ndio useme. Andika mapema, uweke kwa maandishi, na utoe pendekezo la venye utafidia hiyo saa. Bosi akikataa, muombe sababu kwa maandishi pia. Hiyo karatasi ndio itaongea siku yako ikifika.

Kuna mahali pia dini inapiga breki. Mjengoni, kama hakuna njia ya kukinga kichwa juu ya kilemba, usalama unashinda na unapewa kazi ya chini, sio kufukuzwa. Nesi hawezi acha mgonjwa katikati ya sindano akaombe. Na kuhubiri kwa mtu hawezi toka hapo alipo sio uhuru wa dini. Tunajua hiyo story kutoka kwa mat. Umelipa fare, umekaa dirishani, mhubiri anaingia town na anaongea mpaka Roysambu. Utaenda wapi? Basi dawati la ofisi ni kama hiyo siti. Mwenzako hawezi shuka. Ukishamualika kanisani mara moja na akasema hapana, hiyo ya pili ni usumbufu.

Ujasiri wa siku ya kawaida

Hatuna shida ya roho, Wakenya. Desemba 21, 2015, watu wenye bunduki walisimamisha basi kule Mandera wakataka Waislamu watengane na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, na mwezi uliofuata akaaga. Filamu ya Watu Wote ilitokana na kisa hicho, na 2018 ikawa kati ya zile zilishindania Oscar. Tukapiga makofi, tukaandika sisi ni wamoja.

Watu walikuwa tayari kufa kwa mwenzao wa dini ingine. Halafu mtu huyo huyo akikuja Nairobi kutafuta kazi, tunashindwa kumpea saa moja ya Ijumaa. Ujasiri wa kwa basi ni mkubwa, na Mungu atuepushe tusihitaji tena. Lakini kuna mwingine mdogo, wa kila wiki, na huo hauna filamu. Ni wewe ambaye uko kwa wengi kumwambia supavaiza mbele ya wote: "Ijumaa saa saba weka mimi, huyu aende."

Rosta ya wiki ijayo bado haijabandikwa. Icheki kabla ya Jumatatu, uone ni jina la nani lazima liombe ruhusa.