Vyuma vya Ubavuni mwa Pikapu: Vinakinga Nini?

Siku hizi wakulima wengi wa skimu za makazi hapa Timau wana pikapu, na mara kwa mara huuliza kama yafaa kutoa fedha ili gari lifungwe vyuma ubavuni. Vyuma hivi ni mabomba mazito yapitayo chini ya milango, upande huu na huu, ili gari likiangukia jiwe liteleze juu ya chuma badala ya kubonyea. Maoni yangu ni kwamba kinga hiyo ni ya kweli, lakini hukinga mahali pamoja tu, na mkulima asiitangulize mbele ya mambo mawili yenye faida zaidi.

Kwanza tuitazame faida yake. Mlima Kenya ni volkano ya kale, na mawe yake meusi yametapakaa hata katika njia zetu za mashambani. Barabara ya Nanyuki hadi Meru ina lami, lakini ukiiacha tu, utakuta korongo zilizochimbwa na mvua. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya pikapu kuna kama meta tatu. Magurudumu ya mbele yakishavuka ukingo, tumbo la gari hushuka, na kizingiti cha mlango hugonga. Kizingiti hicho ni bati lililokunjwa. Kikibonyea, mlango haufungi vizuri, maji huingia, na kutu huanza kazi yake.

Watu husema, “Mbona magari ya Rhino Charge hufungwa vyuma hivyo?” Ni kweli. Mashindano hayo yalianza mwaka 1989 ili kuchangia ua wa msitu wa Aberdare, uliomalizika mwaka 2009, na baadaye ua wa Mlima Kenya unaozuia ndovu wasiingie mashambani. Magari yale hupita pasipo njia. Lakini hayana magunia, yana watu wa kushuka na kumwonyesha dereva mawe, na mashindano yenyewe ni ya siku moja. Pikapu yako hubeba viazi mwaka mzima.

Basi tufanye hesabu ya mzigo. Springi zikilemewa, kizingiti hukaribia mawe, na hapo vyuma vina kazi. Lakini vyuma vyenyewe, pande zote mbili, vyaweza kufikia kilo 50 au zaidi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Kwa hiyo kila safari umeacha gunia moja shambani.

Tena, chuma cha ubavuni hakikingi sampu, wala difu, wala tangi la mafuta. Jiwe likipita katikati ya magurudumu, chuma hicho hakiligusi. Mlango uliobonyea utafika sokoni. Injini iliyomwaga mafuta haitafika. Kwa sababu hiyo, mwenye fedha kidogo na aanze na bamba la chuma chini ya injini.

Hata kabla ya bamba, kuna njia yenyewe. Majirani wakichimba mitaro ya kutoa maji na kushindilia mawe katika korongo, kila gari litapita salama, na pikipiki, na punda, na mgonjwa anayepelekwa hospitali usiku. Chuma cha mtu mmoja hakimsaidii jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ikiwa njia yenu ina miamba isiyoondoleka, nunua vyuma, lakini angalia haya:

1. Vishikwe kwenye chesisi, si kwenye bati la bodi. Gari likiwa tupu, mahali tambarare, weka jeki chini ya chuma na uliinue kidogo, mtu yeyote asiwe chini yake. Chuma kikipinda, hakitakufaa penye mwamba.

2. Usidanganywe na vikanyagio vinavyong’aa. Vilitengenezwa kwa mguu wa mtu. Jiwe likivisukuma juu, huweza kuubana mlango usifunguke.

3. Fundi akitaka kuchomelea, kwanza atoe waya za betri na ahakikishe mabomba ya breki na ya mafuta hayapo karibu na moto.

4. Vyuma viwe na matundu ya kutoa maji, na vioshwe matope, la sivyo vitaoza kwa ndani.

Na uendeshapo, usijaribu kulipitisha jiwe kubwa chini ya tumbo la gari. Panda juu yake polepole kwa tairi, au lizunguke. Hilo halina gharama.

Fedha ya viazi hupatikana kwa jasho. Fundi atakuonyesha kwanza kile anachouza. Wewe mtangulize kuitazama njia yako, kisha chini ya injini, ndipo muongee habari za ubavuni.