Jazi ya Ethiopia haihitaji mkalimani

Sikio la msikilizaji wa Kabungu, mkoani Katavi, limelelewa na Tabora Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe: magitaa yanayojibizana, matarumbeta, na wimbo wenye kisa. Jazi ya Ethiopia itamshtua kidogo. Mulatu Astatke, aliyezaliwa Jimma mwaka 1943, alisomea muziki London na Boston, kisha akazifunga ngazi za sauti tano za kwao, kama tizita, kwenye midundo ya Kilatini na jazi ya Marekani. Hata hivyo, nadai kwamba sikio hilo tayari limeandaliwa kuupokea muziki huu.

Watakaopinga watasema hatujui Kiamhari. Lakini ni wangapi waliocheza rumba ya Kongo miaka yote hii wakiwa hawajui Kilingala? Tena kazi nyingi za Mulatu hazina mwimbaji. Ala ya vibrafoni ndiyo inayosema. Pingamizi zito ni jingine: kwa nini tukimbilie ya jirani ilhali ya kwetu yanasahaulika? Hapo Ethiopia yenyewe inatufundisha. Santuri zake za miaka ya 1960 na 1970 zilifufuliwa na mfululizo wa albamu wa Éthiopiques, uliotolewa Ufaransa kuanzia miaka ya 1990, na filamu ya Broken Flowers ya 2005 ikamtangaza Mulatu zaidi. Anayeonja ufufuo huo atadai na santuri za Tabora zitendewe vivyo hivyo. Anza na albamu ya Mulatu of Ethiopia ya 1972, na uisikilize mara mbili kabla ya kuihukumu.